Mashine Ndogo za MRI: Nani Aamue Mgonjwa Apimwe?

Ni jambo lisilopingika kwamba goti lililoumia humnyima mtu riziki. Mkulima wa Mwala apandaye na kushuka matuta ya shamba lake, au mwendeshaji bodaboda wa Kathiani, huishi kwa nguvu za miguu yake. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, lakini haionyeshi kano iliyokatika wala gegedu lililochanika. Hayo huonekana kwa kipimo cha MRI, kitumiacho sumaku na mawimbi ya redio.

Mashine kubwa za MRI ni ghali, na sumaku za nyingi kati yazo hupozwa kwa heli ya kimiminika. Ipo aina ndogo, mahususi kwa mikono na miguu, mfano Artoscan ya kampuni ya Esaote ya Italia, iliyoanza kutumika miaka ya 1990. Mgonjwa huingiza mguu au mkono tu. Nguvu ya sumaku yake ni takriban tesla 0.2, ilhali mashine kubwa hutumia aghalabu tesla 1.5 au 3. Kwa hiyo picha zake hazina undani uleule. Hata hivyo, inatosha katika chumba cha kliniki ya kawaida mjini Machakos.

Swali la kujiuliza ni hili: daktari aliyeinunua atakosaje kuona kila goti linahitaji kupimwa? Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1989, iliyopanuliwa mwaka 1993, iliwazuia madaktari kuwaelekeza wagonjwa wa bima ya Medicare kwenye huduma zinazowafaidi wao wenyewe. Lakini vipimo vifanywavyo ndani ya kliniki zao, MRI ikiwemo, viliachiwa mwanya. Kumwachia mwenye mashine uamuzi ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Aidha, Kenya ina funzo lake. Mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti ulioanza mwaka 2015 ulifikisha mitambo mahali ambapo umeme, maji au wataalamu walikosekana.

Mashine hizi basi zikaribishwe Machakos, ila kwa masharti. Anayeagiza kipimo asiwe mwenye kufaidika nacho. Picha zisomwe na mtaalamu wa radiolojia. Na mgonjwa aelezwe matokeo kwa Kiswahili au Kikamba. Mgonjwa asiyeelewa alichopimwa hawezi kuhoji alicholipia.