Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: Viroba tulitoa, gari halikuja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima inayostahili cheo chako, na nitajitahidi ibaki hivyo hadi mwisho wa barua.

Tangazo la ofisi yako bado limebandikwa mlangoni pa ofisi ya serikali ya mtaa wetu, Mkurugenzi, nawe unalijua kuliko mimi: viroba vitolewe alfajiri ya siku ya gari la taka tu, majani na matawi yafungwe mbali na taka za jikoni, atakayekutwa na taka nje siku nyingine alipe faini. Sina ugomvi na hata sharti moja. Anayetoa taka usiku anawaita mbwa na kunguru, na majani yakichanganyika na chupa na mifuko hayafai tena kwa mboji. Mtaani kwetu watu walitii.

Gari halikuja. Siku yake ikapita, viroba vimepangwa kando ya barabara kama mlivyoagiza. Mkandarasi wa kuzoa taka alipigiwa simu, hakupokea. Mwenyekiti wa mtaa naye alimpigia, hakupokea. Kisha vuli ikanyesha usiku kucha. Maji yakavisomba viroba, vikapasuka, matawi ya miembe yakaziba kalavati la kwenye kona, na mtaro ukafurika hadi ndani ya chumba changu cha kushonea.

Mimi ni fundi cherehani. Desemba ndiyo inayonilisha, maana wazazi huleta oda za sare za shule wakiwa wamelipa nusu, na nusu hiyo huishia kwenye vitambaa. Maji yaliingia sare zikiwa tayari, zimebaki kupigwa pasi. Shati jeupe likishalowa maji ya mtaro halitakati, Mheshimiwa. Nimeloweka, nimefua, nimeanika, nimerudia. Doa limebaki na harufu imebaki. Sitamvalisha mtoto wa mtu shati lile. Cherehani moja imeingia kutu. Jirani zangu wawili walilaza watoto juu ya meza.

Kulipokucha walikuja afisa afya na mgambo. Sikudhani wamekuja kutupa pole, lakini nilidhani watauliza gari liko wapi. Waliniandikia faini ya shilingi 50,000 kwa taka zilizozagaa mbele ya nyumba yangu. Nikatoa risiti ya ada ya taka. Afisa akasema risiti hiyo ni ya ada, yeye amekuja kwa ajili ya faini. Nililipa kwa fedha ya mzazi ambaye sare za mwanawe zilikuwa zimelowa chumbani.

Naomba ulisome tena tangazo lako. Kila kosa lililoandikwa mle ni la mwananchi: kutoa mapema, kuchelewa, kuchanganya. Kosa la gari kutopita halimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa jukumu la taka ngumu mamlaka za serikali za mitaa. Kumpa mkandarasi kazi hakujalihamisha jukumu hilo kuja kwangu.

Wala usituambie kwamba watu wa jiji hili hawapendi usafi. Kipindupindu kilipoipiga Dar es Salaam mwaka 2015, sherehe za Uhuru za Desemba 9 zikageuzwa siku ya usafi, nasi tulishika fagio na majembe bila kulipwa. Na ukitaka kujua subira yetu ina mwisho, waulize wakazi wa Tabata, ambao katika kesi ya mwaka 1988 waliliburuza Jiji mahakamani kwa ajili ya dampo lililowajazia moshi na harufu, na Mahakama Kuu ikawapa haki.

Najua dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, najua magari huharibika. Basi mtuambie! Ujumbe mmoja wa simu kwa wajumbe ungetosha kila mtu arudishe viroba vyake ndani, na sare zile zingekuwa kavu leo. Lakini ofisi zenu hutukumbuka wakati wa kudai tu. Ndivyo ilivyo kwa taka, ndivyo ilivyo kwa mitaro, ndivyo ilivyo kwa taa za barabarani.

Nadai faini yangu irudishwe. Nadai gharama ya vitambaa, na orodha yake nimeshaiwasilisha kwa mtendaji wa mtaa. Nadai mkataba wa mkandarasi ubandikwe pembeni ya tangazo lako, ukionyesha siku anazopaswa kupita na adhabu yake asipopita. Na kalavati la kwenye kona lizibuliwe wiki hii, kwa sababu mvua hazijaisha na vitambaa vipya nimeshavikopa.

Shule zinafunguliwa Januari na wazazi wameanza kubisha hodi. Nahitaji jibu lako kwa maandishi kabla ya hapo, ili nami niwe na cha kuwaonyesha.

Mimi,
Fundi cherehani na mlipa ada ya taka,
Dar es Salaam