Mita 30 za Mto Nairobi

Sisi watu wa pwani tumezoea kuuona Mto Sabaki ukitapika maji mekundu baharini, kaskazini ya Malindi, tukasema, "Huko bara kumenyesha." Tukisha kusema hivyo, basi. Ni nadra mtu kuuliza udongo ule watoka wapi.

Sehemu yake yatoka Nairobi. Magharibi ya mji, kwenye mitaa ya Lavington, Kileleshwa na Kilimani, vijito vya Kirichwa huteremka hadi Mto Nairobi. Mto huo huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ukapita Chiromo, ukakata mjini, ukaenda kuungana na Athi. Athi ndio Galana, na Galana ndio Sabaki yetu.

Hapo Chiromo ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kifundishapo elimu ya miamba. Nimemwona kijana wa shahada ya uzamili ameingia mtoni na mabuti, kamba ya kupimia mkononi, akihesabu mawe na matabaka ya tope ukingoni. Wapita njia walimcheka: msomi mzima ati apima matope! Mimi sikucheka. Siku mbili tatu za gharika huuchonga mto kuliko miezi mingi ya maji ya kawaida. Mto ukipinda, gharika hula ukingo wa nje, ikarundika mchanga ule wa ndani. Na kila lami na sakafu zikizidi huko juu, ardhi hainywi tena. Maji huja kwa kishindo, yakachimba.

Masika ya 2024 watu zaidi ya 250 walikufa nchini Kenya. Serikali ikaamuru wakaao ndani ya mita 30 za mto wahame, na vibanda vya Mathare na Mukuru vikabomolewa. Kumwondoa mtu penye hatari ni jambo la akili, sikatai. Lakini mto haujui hesabu ya 30. Pengine 10 zatosha. Penye kona, hata 60 huenda zisitoshe. Na maghorofa ya magharibi, ambayo lami zake huyaharakisha maji hayo, nayo yamepimwa kwa kamba gani?

Nataka daftari la kijana yule lisomwe kabla kibali cha ujenzi hakijatiwa sahihi, si baada ya maiti kuopolewa. Tena asiishie Athi. Ashuke hadi Malindi na Mambrui, akae na wavuvi, awaulize ni miaka gani bahari ilikuwa nyekundu hata nyavu zikapanda na matope matupu.