Mchezo wa bure, lakini una duka ndani
Mtoto akiomba kupakua Genshin Impact, mzazi acheze naye saa za mwanzo. Atafurahi hata yeye. Mchezo huu wa Kichina, uliotoka Septemba 2020, humwingiza mchezaji katika dunia ya kubuni iitwayo Teyvat, akimtafuta pacha wake aliyepotea. Anapanda mlima wowote, anaelea kwa mabawa, anapika, anachoma nyasi kuwatimua maadui. Hakuna anayemharakisha.

Shida ni wahusika. Amber na Kaeya hutolewa bure, na wanatosha kuanzia. Wengi wengine hupatikana kwa bahati nasibu: kumpata wa nyota tano ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio, uhakika ni jaribio la 90, na bado anaweza asiwe yule mtoto anayemtaka! Majaribio hupatikana polepole kwa kucheza, au upesi kwa pesa.

Januari 2025, mamlaka ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa kampuni ya mchezo huo imekubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi. Agizo hilo ni la Marekani. Kwenye simu yako, washa nywila kwa kila ununuzi kabla ya kumpa mtoto. Na pakua kwa Wi-Fi, maana bando halitatosha.