Densi ya kisasa ije Kakamega, macho yapo
Na Ayub Shiundu

Mkazi wa Kakamega akialikwa kutazama kundi la densi ya kisasa, mara nyingi hujibu kabla hata ya kuuliza kiingilio ni pesa ngapi: "Mambo hayo mimi siyaelewi." Jibu hilo linasikitisha, hasa likitoka kwa mtu aliyelelewa na mdundo wa isukuti.

Watu wa Shinyalu na Ikolomani hawahitaji kufunzwa kutazama mwili unaosema. Harusini au matangani humwona mpigaji ameibana ngoma kwapani. Ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zinajibizana, pembe ya swara inalia, na safu za wanaume na wanawake zinatikisa mabega. Mara moja wanajua nani amechoka, nani anaringa na nani anacheza kwa uchungu wa kufiwa.

Macho hayohayo ndiyo yanayotakiwa ukumbini. Densi ya kisasa mara nyingi haisimulii kisa chenye mwanzo na mwisho. Mchezaji anaweza kusimama kimya kitambo kirefu, vidole tu vikitembea, hadi watazamaji waisikie pumzi yake. Anayemtazama nyayo na mabega, bila kuhangaika kutegua kitendawili, ataondoka na kitu.

Wapo wanaohofu kwamba usasa utaimaliza isukuti, na hofu yao ina msingi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mafundi wengi ni wazee wasio na warithi, na watazamaji huagiza burudani nyingine. Lakini densi ya jukwaani si adui. Opiyo Okach, aliyeanzisha kundi la Gàara jijini Nairobi miaka ya 1990 pamoja na Faustin Linyekula wa Kongo na Afrah Tenambergen, alitunga onyesho liitwalo Shift...Centre ambamo watazamaji hawafungwi vitini: huzunguka katikati ya wachezaji na kuchagua pa kutazama. Mtu aliyezoea kuizunguka isukuti angejiona nyumbani.

Linyekula naye alirudi kwao, akakita kituo chake cha sanaa, Studios Kabako, mjini Kisangani, mbali na Kinshasa. Mwaka 2009 alitoa More more more... future, akiwa na mpiga gitaa Flamme Kapaya, na ndombolo ikawa msingi wa kazi yenyewe. Kisangani imeweza. Kakamega inashindwa na nini?

Inashindwa na nauli, kwa sehemu kubwa. Makundi mengi huchezea Nairobi, mara nyingi katika vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, na mashabiki wa magharibi mwa Kenya husoma habari zao tu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Basi serikali ya kaunti ilete kundi moja, hata kwa wikendi moja, licheze Muliro Gardens mchana bila kiingilio, wanafunzi wa tamasha za drama wakiwa mbele kabisa.

Wapigaji isukuti wapande jukwaa hilohilo siku hiyohiyo, na malipo yao yalingane na ya wageni. Onyesho likiisha, wachezaji wabaki wajibu maswali ya watazamaji papo hapo, kwa Kiswahili.