USIMRUDISHE MKEO KWAO KWA SABABU YA KISUKARI CHA MTOTO



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya swala ya Isha, hapa Nkuhungu, baba mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Mwanawe amegundulika ana kisukari, anachomwa insulini kila siku. Alitaka mambo mawili: nimwandikie kombe ili sindano ziachwe, na nimshauri kuhusu talaka, maana mkewe ameshamrudisha kwao akisema ukoo ule una "damu mbaya". Ameniruhusu niwaandikie nilichomjibu, bila kumtaja.

Tuanze na hiyo damu. Kisukari cha namna ile hakiletwi na soda wala sukari ya chai. Kinga ya mwili, wale askari tuliowekewa na Allah wapigane na vijidudu, hukosea wakashambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Kwa nini mtoto huyu na si wa jirani? Sehemu ya jibu iko kwenye vinasaba, hasa kundi linaloitwa HLA, ambavyo huwasaidia askari kumtambua mgeni na mwenyeji. Tunatofautiana katika hivyo kama tunavyotofautiana sura. Na mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Sasa wewe baba umejuaje kwamba hii haikutoka kwako? Tena vinasaba peke yake havitoshi. Mapacha wa kufanana, urithi wao ni mmoja, lakini anaweza kuugua mmoja na mwenzake akabaki mzima. Na wengi wa watoto hawa hawana mzazi wala ndugu mwenye ugonjwa huo.

Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akimtilia shaka mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza rangi ya ngamia wake. Wekundu, ila wamo na wa kijivu. Hao wametoka wapi? Bedui mwenyewe akajibu kuwa huenda ni asili ya nyuma imewavuta. Akaambiwa, basi na mwanao huenda ni hivyo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na tunaisomesha madrasa. Kumbe tunaisomesha tu!

Ama kombe, kumsomea mtoto Qur'an sikukataa, nilimsomea. Lakini sindano haziachwi. Kabla ya 1922, insulini ilipotumika kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, mtoto wa namna hii alikuwa wa kusubiriwa kuzikwa. Na Mtume ametuamrisha tujitibu. Akiachishwa insulini, ndani ya siku chache hutapika, hupumua kwa kasi, hupoteza fahamu, na hapo watu husema jini limepanda. Si jini, mkimbizeni hospitali! Sheikh atakayekwambia uache sindano mkimbie, hata kama kilemba chake ni kikubwa kuliko changu.

Baba yule ameniahidi Jumamosi atakwenda kumchukua mkewe. Muombeeni mtoto dua.

Wallahu a'lam.