Fowili Hutiwa Kabla ya Tope



Mavuno ya karafuu hukutana na mvua za vuli, na njia zetu za Pemba mwazijua: kilima, bonde la mpunga, kilima tena. Madereva wengi hungoja gari linase ndipo washike mkono wa fowili. Hapo tairi zimekwisha chimba shimo, wala haisaidii kitu. Itiwe gari likiwa bado pakavu. Na magari ya zamani yenye kufuli katika magurudumu ya mbele, dereva ateremke azifunge kwanza, ama sivyo mbele hakuvuti. Mteremko wa utelezi hushukwa kwa gia ya nguvu, namba moja, si kwa breki. Ukifika lami iondoe, maana penye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa, na gia huumia.

Wako wasemao fowili yala mafuta. Kweli, yala. Lakini karafuu mbichi zikilala bondeni ndani ya magunia usiku kucha huchacha, na zikianikwa hutoka nyeupe, zimesinyaa. Bei yake mwaijua.

Rai yangu: mwenye mzigo asipakie hata gunia moja mpaka dereva amwonyeshe jinsi fowili inavyotiwa.

Katibu