Kisu Hufanywa na Moto

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga. Hawakutueleza ukali huo hutoka wapi. Wengi wetu hudhani kwamba hutoka kwenye kinoo. Kinoo huyatoa makali. Yanayoyadumisha ni moto uliotangulia.

Wahunzi wetu wengi hutengeneza visu kutokana na springi za magari zilizochakaa. Pua ya springi huwa na kaboni kiasi cha sehemu 0.6 katika kila mia, nayo yafaa sana kwa kisu. Lakini kiwandani springi hupashwa moto, hupozwa ghafula, kisha hurudishwa katika joto lipatalo nyuzi 400 za Sentigredi au zaidi, ili ipinde pasipo kuvunjika. Hapo hupoteza sehemu ya ugumu wake. Fundi anayeikata na kuisaga tu huuza kisu kisichovunjika, lakini butu baada ya siku chache. Mnunuzi huchoka kukinoa, akanunua cha kigeni, na mhunzi akapoteza riziki.

Kisu cha jikoni hudai kipimo kingine. Pua hiyo hupashwa hadi kama nyuzi 840, hutumbukizwa katika mafuta, ikawa ngumu na nyepesi kuvunjika kama kioo. Kisha hurudishwa katika joto la nyuzi 200 hivi kwa saa moja au mbili, ili wepesi huo upungue na ugumu ubaki. Mhunzi hodari huweza kulikadiria joto kwa rangi ya chuma, lakini mbele ya jua kali hata jicho la bingwa hudanganyika.

Kwa hiyo napendekeza tuigawe kazi hii. Karakana moja katika kila mkoa, yenye tanuri na kipimajoto, ikate pua kwa umbo la kisu, itoboe matundu ya misumari ya mpini ingali laini, kisha iikamilishe kwa moto. Vipande hivyo viuzwe kwa mafundi wa mitaani, nao wasage makali, wafunge mpini wa mninga na kunoa. Sharti lao ni moja: wakisaga kwa mashine, wakichovye kipande majini kila mara. Ukingo ukigeuka buluu, joto limekaribia nyuzi 300; ugumu umepungua, wala hakuna kinoo kitakachourudisha.

Wako watakaosema kwamba huku ni kumnyang'anya mhunzi moto wake. Siafiki. Zamani wahunzi wa Uchagani walifua silaha kwa chuma kilichoyeyushwa Upareni, wala hakuna aliyewaambia kuwa si wahunzi. Tena fundi asiyeweza kununua tanuri hapotezi kitu kwa kununua kipande kilicho tayari. Hupata kisu anachoweza kukitolea dhamana.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za namna hii hasa. Vyuo vyetu navyo vina wanafunzi wanaokariri badiliko la pua katika joto bila kuligusa. Hatuna budi kuwakutanisha hao na wahunzi mbele ya tanuri moja. Tuanze na mkoa mmoja, na visu vya kwanza tuwape mama lishe wavijaribu kwa mwezi mzima. Hukumu yao itatutosha.